Tumbo la Nyumba ya Fundi Saa

Mimi sikai. Nilizaliwa hivyo, na wote waliojaribu kunikalisha walichoka wakaniacha. Saluni nasuka nikiwa nimesimama, chai nakunywa nikiwa nimesimama, hata maneno ya uchumba niliyapokea nimesimama, maana kila bwana yule aliponiambia tukae chini tuzungumze nilimjibu, wewe sema tu, nasikia. Kwa hiyo chumba cha kusubiri cha Daktari Pole kwangu ni kifungo. Asubuhi ile kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono ameubana chini ya titi la kushoto, kichwa kimesukwa nusu, nami nilikuwa na hakika kwamba anakufa, na hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi.

Nusu ya kichwa, ndiyo. Tulianza uani baada ya chai, yeye kwenye kigoda, mimi nyuma yake na chanuo. Upande wa kulia nilikuwa nimeshaumaliza, tunapiga soga kuhusu jirani aliyepaka ukuta wake rangi ya matapishi, ndipo nikaona vidole vyangu vinateleza. Nywele zake zilikuwa zimelowa hadi kwenye ngozi. Nimesuka watu kwenye kila aina ya jua, na jasho la joto nalijua. Hili lilikuwa la baridi, kama maji ya mtungini.

"Mama, unatoka jasho."

"Ni hili tumbo letu," akasema. "Leo limeamka vibaya."

Akaniambia kichefuchefu kilimwamsha alfajiri, na sasa hata taya la kushoto linamuuma, labda ni jino. Nilitaka kucheka. Meno ya upande ule yaling'olewa yote kabla sijaolewa. Kisha akanyamaza, na mama mkwe wangu kunyamaza katikati ya habari za jirani si jambo dogo. Chanuo likaniponyoka.

Nikasema twende hospitali kubwa. Akasema hospitali kubwa aende kufanya nini, kule hawamjui mtu. Nikampigia mume wangu kazini.

"Mpeleke kwa Daktari," akasema. "Yeye anamjua Mama."

Nyumba ile nzima huimba wimbo huo: Daktari anatujua. Nikamfunga Mama kitambaa ili kuficha upande wa kushoto uliokuwa umesimama kama ufagio, nikamshika mkono, tukatoka. Kutoka kwetu hadi zahanati ni pua na mdomo, lakini alikuwa anasimama kila baada ya nyumba chache, anajifanya anasoma mabango ambayo ameyapita maisha yake yote.

Jina la Daktari Pole tumempa sisi wagonjwa wake, na lina sababu. Hujakaa vizuri, hujasema unaumwa wapi, ameshakupa pole. Atakushika mkono kwa mikono yake miwili, atauliza watoto wanaendeleaje, atauliza lile paa lililokuwa linavuja kama lilizibwa. Zahanati yenyewe ni sehemu ya mbele ya nyumba yake: sebule ndiyo chumba cha kusubiri, chumba cha kulia chakula ndimo anamotibia wagonjwa, na jikoni mkewe, ambaye ndiye nesi, anachemsha vifaa upande mmoja na chai upande wa pili. Pale hafukuzwi mtu. Nayasema haya mapema msije mkadhani nilimchukia yule mzee. Nilikuwa nampenda, ndiyo maana aliweza kunikera kiasi kile.

Ana mtindo wake wa kazi. Haiti mtu, anaita nyumba. Atafungua mlango, atatoa kichwa, aseme: "Nyumba ya Mwalimu!" Basi atainuka mtu wa nyumba ya Mwalimu, yeyote aliyekuja siku hiyo. Kwa maoni yake magonjwa yana makazi. Nyumba ya Mwalimu ni kifua. Nyumba ya Seremala ni sukari. Sisi ni Nyumba ya Fundi Saa, na sisi ni tumbo.

Fundi saa alikuwa baba mkwe wangu, na alikuwa rafiki wa Daktari wa kufa na kuzikana. Ile saa ya ukutani pale sebuleni ni mkono wake. Ninavyosimuliwa, mzee alianza na kiungulia tu, Daktari akampa vidonge vya kutafuna, wakacheka, wakaendelea na bao lao. Ikaja siku mzee akatapika damu, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimetoboka. Wanasema msibani Daktari alilia hata wafiwa wakawa wanambembeleza yeye. Tangu hapo aliapa kwamba tumbo la nyumba ile halitampita tena. Na kweli halikumpita. Shemeji yangu mkubwa, Daktari alimgundua mapema, wifi yangu vilevile, wote wako hai na wanakula pilipili. Kwa hiyo ukiwa wa nyumba ile, hata ukienda kwake na kidole kilichobanwa na mlango, lazima akulaze kitandani akubonyeze tumbo kwanza.

Hata mimi alinibonyeza. Nilikuwa bibi harusi mpya, hina haijafutika vizuri, nikaanza kutapika asubuhi. Nikapelekwa. Daktari akanipa pole, akanibonyeza, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Tumbo la kwenu," akasema. Nikamwambia kwetu ni mbali, huku nimefika juzi tu. Akacheka, akasema ukishaingia umeingia. Akanipa chupa ya dawa ile nyeupe yenye ladha ya chokaa, nami nikainywa kwa utiifu mpaka tumbo lenyewe likaanza kunipiga mateke. Tumbo hilo sasa linasoma darasa la tatu.

Tulicheka sana, na Daktari alicheka kutuzidi wote. Kila akimwona mtoto wangu humwita Kidonda. Asubuhi ile pale sebuleni nikikumbuka kicheko hicho, sikuona tena kilichotuchekesha.

Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja na binti yake anayekohoa, na mzee mwenye bendeji mguuni ambaye alikuwa anaifungua na kuifunga kwa kukosa kazi. Nikaenda dirishani. Nikarudi. Nikamtazama Mama. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikaenda jikoni.

"Nesi, Mama ana hali mbaya. Tuingie sasa hivi."

"Mwanangu, hapa kila mtu ana hali," akasema bila ubaya, akiendelea kupanga vikombe. "Tumbo lenu tunalijua. Mpe maji ya vuguvugu, mtaingia baada ya hao."

"Si tumbo."

"Umekuwa daktari lini?"

Nikarudi sebuleni. Ile saa ya baba mkwe ilikuwa inagonga ukutani kwa utulivu wake, na nilitamani kuishusha niivunje. Mguu wangu ulikuwa unatikisika peke yake. Mzee mwenye bendeji akaniambia nikae, namtia kizunguzungu. Mama akanivuta nguo.

"Kaa, mwanangu. Unanitia aibu."

"Bado taya linauma?"

"Limeshuka mkononi." Akatabasamu kidogo. "Labda ni mtindo wako wa kusuka. Unavuta mno."

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoa kichwa, akaita, "Nyumba ya Seremala!" na yule baba akainuka na binti yake. Hapo nilifanya kitu ambacho sijutii hata leo. Nilipita mbele yao, nikaweka mguu mlangoni.

"Nyumba ya Seremala watusamehe," nikasema. "Daktari, tunaingia sisi."

Yule baba alinitazama, akamtazama Mama, akamrudisha binti yake kwenye benchi. Mungu ambariki. Daktari hakupenda. Aibu kubwa kwake ni mtu kurukwa foleni mbele ya macho yake. Lakini alipomwona Mama anainuka kwa kushikilia ukuta, akaja mwenyewe kumshika.

"Shemeji," akasema. Siku zote alimwita shemeji, kwa ajili ya marehemu. "Pole, pole sana. Limekuanza lini?"

"Alfajiri."

"Mjukuu hajambo? Kidonda?"

"Hajambo, Daktari."

Akamlaza kitandani. Akamfunika shuka miguuni, maana chumba kile kina ubaridi na yeye hukumbuka vitu hivyo. Akasugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa. Mimi nimetibiwa na watu wasiojua kama mgonjwa anasikia baridi, kwa hiyo nilikiona kile kitendo na moyo wangu ukalainika kidogo. Kisha akambonyeza pale chini ya mbavu, na Mama akakunja uso.

"Lilelile," Daktari akasema. "Tumelikamata mapema."

Akageukia kabati. Niliuona mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu, kwenye chupa nyeupe. Haukusita hata kidogo. Mkono ule ulikuwa unamwokoa fundi saa.

"Daktari," nikasema, "Mama si wa nyumba ile."

Mama ndiye aliyeinua kichwa, na uso alionigeuzia sitausahau.

"Unasemaje? Mimi si wa nyumba ile?"

"Sikumaanisha hivyo, Mama."

"Nimezaa mle. Nimezika mle. Leo wewe uliyekuja juzi unanitoa?"

"Sikutoi, Mama! Nasema umeolewa. Kama mimi. Tumbo ni la Baba, akawagawia wanawe. Wewe hakukuzaa. Wewe umelitoa wapi?"

Daktari akaiweka chupa mezani taratibu. Alikuwa amekasirika, nami sikuwahi kumwona amekasirika.

"Binti," akasema, "vidonda si urithi tu. Watu wanaoishi pamoja huambukizana. Wanakula pamoja, wanakunywa kikombe kimoja. Mambo haya nimeyasomea. Nimewatibu watu hawa tangu hujazaliwa."

Mimi ni msusi, nitajuaje habari za kuambukizana? Nilikuwa na vidole vyangu tu na lile jasho la baridi, na hasira, na hofu.

"Na mimba je, iliambukiza?" nikasema. Ulikuwa utovu wa adabu na nilijua. "Haya, basi ni tumbo. Tumbo gani linauma taya?"

"Taya?" Daktari akasema. "Taya gani?"

"Mwulize mwenyewe."

Akamgeukia Mama. "Shemeji, hukunitajia taya."

"Nilidhani ni jino," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Nikasema la jino si la Daktari huyu."

"Na nini kingine?"

"Mkono huu. Na ngazi za msikitini juma lote nimeshindwa kuzipanda bila kupumzika. Uzee."

Daktari akavuta kiti. Nilikuwa sijamwona akivuta kiti kwa mtu wa nyumba yetu. Kwetu sisi hakuwa anahitaji kukaa, alikuwa anajua. Akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa Mama.

"Shemeji. Mama yako mzazi alikufa na nini?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi aliyoihama zamani. Akanitazama na mimi. Halafu akatazama dari.

"Alikuwa anaanika nguo," akasema. "Akasema amechoka, akakaa kuegemea ukuta. Tulipokwenda kumwita aje kula, hakuitika. Alikuwa bado ameshika nguo."

"Na ndugu zako?"

"Dada yangu alikwenda kulala mchana, hakuamka. Kaka yangu naye alianguka shambani. Watu wakasema karogwa."

"Hujaniambia hata siku moja."

"Hukuniuliza, Daktari. Kila nikija unauliza habari za nyumba. Nakupa za nyumba."

Sidhani kama alitaka kumchoma. Alisema tu. Lakini nilimwona mzee yule anavyolipokea neno lile, akabaki amefumbua mdomo, na ile pole yake ya kila siku haikutoka.

Kisha akainuka, na kuinuka kwake hakukuwa kwa Daktari Pole. Pembeni ya chumba kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na juu yake chupa ya chai na bakuli la sukari. Miaka yote nilidhani ni meza. Akaondoa chupa ya chai, akaondoa sukari, akavuta kitambaa, na chini yake kukawa na mashine yenye waya. Akapuliza vumbi. Akamwita mkewe kwa sauti iliyomfanya aje mbio, mikono inadondosha maji. Wakambandika Mama zile waya kifuani, na mashine ikaanza kutoa karatasi yenye mistari.

Daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Binti," akasema bila kuinua macho, "nenda kalete teksi. Kimbia."

Kama kuna kitu nilichoumbiwa, ni kuambiwa nikimbie. Nilipita sebuleni sikuona benchi wala mtu. Barabarani nilisimama mbele ya teksi ya kwanza, iliyokuwa na abiria ndani, nikamtoa abiria kwa maneno ambayo nisingependa mtoto wangu ayasikie. Niliporudi Mama alikuwa anatafuna kidonge, Nesi anamwambia asimeze kizima, na Daktari ameinama mezani anaandika barua huku simu imebanwa begani, anawaambia watu wa hospitali wajiandae, ni moyo, ndiyo, ni moyo, mashine imeonyesha. Tukamkalisha kwenye kiti cha Daktari, tukambeba nacho. Yule baba wa Nyumba ya Seremala akashika mguu mmoja wa kiti bila kuombwa.

Daktari akaniwekea barua mkononi. Ilikuwa imefungwa.

"Mpe mtu wa mapokezi, usimpe mwingine," akasema. Akainama dirishani kwa Mama. Kisha akagonga paa la gari ili twende.

Ndani ya teksi nilimshika Mama mkono, nikawa namwambia dereva pita huku, pita kule, hadi akaniuliza kama nataka nishike usukani mwenyewe. Mama alikuwa amefumba macho. Nikamwomba asilale. Nikamwomba aniseme, anitukane, chochote.

"Umesema mimi si wa nyumba ile," akasema akiwa bado amefumba macho.

"Nilisema vibaya, Mama. Nisamehe."

"Nyamaza basi, nipumue."

Hospitali kubwa ilikuwa na watu hadi kwenye ngazi. Nikampatia kiti cha magurudumu, nikatoa barua dirishani, mtu wa mapokezi akaichukua akapotea nayo nyuma ya mlango. Tukaambiwa tusubiri tutaitwa. Tusubiri! Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikamfuta Mama jasho kwa ncha ya kitambaa chake, nikaenda tena mlangoni. Kila aliyepita na nguo nyeupe nilimdaka mkono. Nikauliza Daktari si alipiga simu? Nani aliipokea hiyo simu? Mguu wangu ulikuwa unatikisika hadi kiatu kikawa kinapiga kelele sakafuni.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka nesi kijana ameshika barua yetu au nyingine kama yetu, akaita jina la mwanamke, jina lake na la baba yake na la babu yake. Watu wakatazamana. Akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Nikapandisha mori. "Huyo anayeitwa si aitike!" nikasema, nikiwa katikati ya chumba, nimewageukia watu wote. "Kama ameondoka, mtupishe! Nina mgonjwa wa moyo hapa, Daktari wake ameshapiga simu, tunacheleweshwa na mtu asiyejua hata jina lake!"

Nesi akaita mara nyingine.

"Ni mimi," ikasema sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Mama alikuwa ameinua mkono kidogo juu ya kiti cha magurudumu, kama mtoto darasani asiye na hakika na jibu.

"Ni mimi huyo," akasema tena. Akanitazama. "Daktari aliniuliza ulipokwenda kutafuta gari. Nikamtajia. Halijaitwa siku nyingi, mwanangu. Nilidhani ni mtu mwingine."

Nilishika kile kiti nikakisukuma, na watu wakatupisha. Nimekisuka kichwa kile tangu nilipoolewa. Najua kovu lililo nyuma ya sikio, najua wapi nywele zimeanza kuwa nyembamba. Nilikuwa nimemkaripia Daktari, mzee wa watu, kwamba hamjui Mama, na jina la mama mkwe wangu lilikuwa limeitwa mbele ya chumba kizima nami nikalitukana.

Mlango ukafungwa, yeye ndani, mimi nje. Mume wangu alifika, akanikuta nazunguka, akazunguka na mimi. Hatimaye daktari wa pale akatoka, akasema mshipa ulikuwa umeziba, wameufungua, tumewahi. Akauliza nani aliwaambia ni moyo, maana kwa wanawake wengi huwa inasemwa ni tumbo mpaka wanakufa. Nikamwambia ni daktari wetu. Nilitaka kuongeza, nikaacha. Hatimaye yeye ndiye aliyevuta kiti.

Mchana uliofuata Daktari Pole alikuja wodini bila mkoba, amevaa shati la kwenda mjini. Alisimama miguuni pa kitanda kama mgeni, akamwuliza yule daktari kijana maswali mengi, dawa gani, kwa nini hii, kwa nini si ile. Akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. Safari hii hakumwita shemeji. Akamwita jina lake, na Mama akatazama pembeni kwa haya kama msichana. Alipokuwa anaondoka akasimama mbele yangu.

"Binti, wewe nawe uje," akasema. "Sikukuuliza kwenu mnaumwa nini."

"Nitakuja, Daktari."

"Utakaa?"

"Hapo usinitegemee."

Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka, na aliposhuka ngazi alishika ukingo.

Mume wangu akatoka kwenda kutafuta maji. Nikabaki na Mama. Kitambaa kilikuwa kimemvuka, na kile kichwa chake kilikuwa kituko, upande mmoja mistari imelala sawasawa, upande wa pili umesimama wote. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anamtazama tangu asubuhi akijizuia asicheke.

"Umeniacha hivi mbele ya madaktari," Mama akasema. "Ningekufa ningezikwa nusu."

"Geuka."

Nikatoa chanuo mkobani. Nikampaka mafuta, nikagawa mstari wa kwanza, polepole, bila kuvuta. Nywele zilikuwa kavu na ngozi ina joto la kawaida. Nikaisikilizia kwa vidole kwa muda kabla sijaanza.

"Mama," nikasema, "lile jina lako, nani alikupa?"

Akaikunja ncha ya shuka, akaikunjua. Nilidhani amechoka, au bado ana kinyongo na mimi kwa yale niliyosema kwa Daktari.

"Bibi yangu," akasema. "Mzaa mama. Nilizaliwa siku ambayo..." Akasita. "Ni habari ndefu, mwanangu. Wewe unataka kuondoka."

Kulikuwa na kiti karibu na kitanda. Nikakivuta kwa mguu, nikakaa.